Altezza ya Misindano

Kwetu Madaba mtu akiuza miti, mtaa hujua kabla hela haijaingia kwenye simu yake. Misumeno hulia bondeni, malori hupita na mbao, na jioni huanza kuja kusalimia watu ambao hawajaonekana tangu Krismasi. Basi Baba watoto alipouza shamba lake la misindano upande wa Wino, ushauri ulimmiminikia. Ajenge fremu mbili kando ya lami. Anunue Noah abebe abiria wa Songea. Anunue pikipiki, awape vijana wamletee hesabu ya siku. Apande tena miti, maana ndiyo iliyomtoa. Alimsikiliza kila mtu kwa adabu, akashukuru, kisha akapanda basi la Dar es Salaam. Alirudi akiendesha Toyota Altezza nyeupe ya mwaka 1999, gari ambalo kuku mwenye vifaranga hapiti chini yake bila kuinama.

Mama mkwe alitoka jikoni kabla yangu. Akalizunguka, akaligonga buti kwa ncha ya fimbo.

"Mahindi yanakaa wapi?"

"Mama, hili si la mahindi."

"Haya. Na kamba ya mlango wa banda la mbuzi, umeikumbuka huko Dar?"

Hakuikumbuka.

Lazima nilitendee haki gari lenyewe. Altezza ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1998 na msimu huohuo ikachukua tuzo ya gari la mwaka nchini humo. Ulaya na Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus IS, na taa zake za nyuma, zenye kioo cheupe na vikombe vyekundu ndani, zikaigwa dunia nzima hadi kwenye magari yasiyo na udugu nayo. Letu ni RS200, lile la gia sita za mkono, lenye injini ya 3S-GE ambayo Yamaha walishirikiana na Toyota kuiunda. Lita mbili tu, silinda nne, lakini nguvu za farasi 210. Dashibodi imechorwa kama saa ya mkononi ya bei mbaya: duara kubwa la mwendo, na ndani yake viduara vidogo vyenye vishale vyake. Vijana wa bodaboda waliacha abiria wakaja kupiga nalo picha. Hata mimi, mwalimu wa fizikia ninayejua uwiano wa mwendo na petroli, niliketi kwenye kile kiti kinachokukumbatia mbavu, nikaona tabu kushuka.

Ila lilikuwa limezeeka. Kenya hawapokei gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa. Uganda wamefunga mlango kwa yaliyozidi miaka kumi na mitano, tangu 2018. Sisi Tanzania tunawakaribisha wazee wote, tunawatoza ushuru wa uchakavu bandarini na kuwatakia maisha marefu. Na mzee yeyote anayefika nyumbani huleta swali moja: umpeleke hospitali kila mwezi akiwa mzima, au usubiri aseme panapouma?

Baba watoto hakuwa na shaka. Kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Ndivyo alivyosema juu ya redio, juu ya bati la choo na juu ya goti lake la kushoto. Imani hii aliipata shambani. Alipanda misindano akiwa kijana, akasubiri, na kusubiri kukamlipa. Mtu ambaye utajiri wake wote umetokana na kukaa bila kufanya lolote kwa zaidi ya miaka kumi ni vigumu kumwambia aanze kuhangaika.

Shemeji, mdogo wake, alikuwa dhehebu la pili. Yeye ana Fuso, makao yake Makambako, na hubeba mbao na mahindi. Fuso likizima mlimani na mzigo, mwenye mzigo anapiga simu, askari anauliza kwa nini hujaweka alama za tahadhari, utingo anataka hela ya kula, na walinzi wa kulala na mzigo wanajileta wenyewe. Kwa hiyo Shemeji hubadilisha vitu kwa kalenda. Vikiwa vizima, vikiwa vibovu, tarehe ikifika vinatoka. Alipoliona Altezza alifungua boneti, akavuta pumzi kama daktari aliyeletewa mgonjwa amechelewa, akasema, "Kaka, hili tulibomoe lote, tulianze upya."

Nyumba ikagawanyika. Kifungua mimba wetu, aliyekuwa likizo ya chuo, alikuwa upande wa baba yake. Mdogo wake upande wa baba mdogo. Mama mkwe alikuwa upande wa kamba ya mbuzi.

Ugomvi wenyewe hasa ulianzia kwenye karatasi. Chini ya boneti, juu ya kava la plastiki upande wa mbele wa injini, palikuwa na stika ya Kijapani iliyofifia. Gereji za Japani zikibadilisha mkanda wa taiming hubandika stika kama ile, na kuandika kwa kalamu tarehe na kilomita. Ya kwetu ilikuwa na maandishi tusiyoyajua, halafu namba: 21, kisha 6, kisha 98,000.

"Unaona?" Baba watoto akaweka kidole. "Mkanda ulibadilishwa Juni 2021. Mpya kabisa. Mjadala umefungwa."

Nilikwenda chumbani nikaleta kadi ya gari. Ilionyesha kwamba Altezza lile lilisajiliwa Tanzania mwaka 2013.

"Sasa Baba watoto, mwaka 2021 gari lilikuwa Dar es Salaam. Hao Wajapani walibadilishaje mkanda?"

Akafikiri kidogo. "Labda walilirudisha."

Binti yetu alikuwa kimya na simu yake. Kisha akatoa hukumu bila kuinua macho: Wajapani kwenye karatasi zao nyingi huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei ilianza 1989, mfalme Akihito aliporithi kiti, ikaisha Aprili 2019 alipong'atuka. Mwaka wa 21 wa Heisei ni 2009. Mkanda wetu ulikuwa umefungwa kabla yeye hajaanza darasa la kwanza.

Baba watoto hakuyumba. Alikwenda kusoma kwenye dashibodi, akarudi anatabasamu. Kilomita 187,000. "Mkanda hukaa kilomita laki moja. Ulifungwa kwenye elfu tisini na nane. Bado kilomita elfu kumi na moja. Kwa safari zetu za Songea na kanisani, hiyo ni miaka."

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo lenyewe, na ninakiri hesabu yake ilikuwa sahihi. Laki moja ndiyo namba iliyotajwa kwa mikanda mingi ya Toyota ya wakati ule. Lakini mpira hauzeeki kwa kutembea tu. Huzeeka kwa joto, kwa oili inayouvujia, na kwa miaka, hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mparachichi. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa mikanda huweka na ukomo wa miaka pamoja na wa kilomita. Kwa kilomita, wetu ulikuwa na maisha mbele. Kwa miaka, ulikuwa marehemu anayetembea.

Na kwenye injini ile mkanda si kitu cha kukatika kisha ukaomba lifti. Valvu na pistoni hutumia nafasi ileile ndani ya silinda, kwa zamu. Valvu ikishuka, pistoni iko chini. Pistoni ikipanda, valvu imeshafunga na kuondoka njiani. Anayegawa zamu hizo maelfu ya mara kwa dakika ni mkanda wa mpira wenye meno, upana wake kama vidole viwili. Siku ukikatika, pistoni hupanda na kuikuta valvu bado imesimama mlangoni. Valvu hupinda, mara nyingine pistoni hutoboka, na fundi anakuja kukuambia kwa upole kwamba injini ni ya kutafutiwa nyingine. Haigongi kwanza. Haitoi moshi wiki mbili kabla. Ulikuwa unaendesha, kisha huendeshi.

Niliyachora hayo kwenye ubao wa mazoezi wa watoto, ukutani sebuleni, kwa chaki. Baba watoto alitazama mchoro kwa makini, akasema pistoni yangu inafanana na kikombe.

Shemeji alipata nafasi yake Baba watoto alipokwenda Songea kwenye msiba wa rafiki yake, akaacha ufunguo. Alilichukua gari kwa nia njema kabisa, nataka ieleweke, akalipeleka gereji moja anayoijua huko mjini kwao, na akachangia nusu ya gharama kutoka mfukoni mwake. Walibadilisha shokapu zote nne. Walibadilisha bushi, plagi, pedi za breki, mipira ya rejeta, mikanda ya nje, hata taa ya ndani. Thamostati waliitoa wakaitupa, kwa maelezo kwamba ni kifaa cha nchi za baridi na Afrika hakuna baridi. Hii ilikuwa mwezi Juni. Madaba Juni asubuhi unaongea moshi unatoka mdomoni, na watoto shuleni huandika na soksi mikononi. Tangu siku ile injini ikawa haipati moto sawasawa. Kompyuta ya gari ikadhani kila safari ndiyo kwanza kumekucha, ikawa inamimina petroli kama mama anayempa uji mtoto mgonjwa.

Mkanda wa taiming haukuguswa. Niliuliza kwa nini. Shemeji akasema hela iliisha, na isitoshe fundi aliona huo hauna kelele.

Nilirudia sentensi hiyo kichwani usiku mzima. Walikuwa wamebadilisha kila kitu chenye kelele, wakaacha kile ambacho hakitakuwa na kelele kamwe.

Mama mkwe naye alikuwa amepitia gereji ile kwa njia yake. Vitu vya zamani vilivyotolewa vilirudishwa kwenye buti ndani ya kiroba cha mbolea, na Shemeji alipotaka kuvitupa, bibi alivikalia. Kwake hakuna kitu cha kutupa. Akavipanga stoo: shokapu za kuegemezea mlango, plagi za kufukuzia kunguru, mipira ya rejeta ya kumwagilia mchicha. "Ungeniletea kamba tu," akamwambia Shemeji, "mbuzi wale mlango wao umebaki nyuzi mbili."

Kisha ikaja harusi ya Njombe.

Anayeijua barabara ya Songea hadi Njombe anajua kwamba Lukumburu ni mlima wenye tabia zake. Kona juu ya kona, malori yanayopanda kwa kutambaa, yanayoshuka yananuka breki. Tuliondoka alfajiri, Altezza limejaa: Baba watoto kwenye usukani amevaa suti, Mama mkwe mbele kwa sababu ya magoti, mimi na watoto nyuma tumebana sufuria la maandazi na zawadi ya blanketi. Buti lilikuwa na kuku wawili na kile kiroba chenye sehemu ya vitu vya zamani, ambacho bibi alikuwa anampelekea nduguye wa Njombe kama zawadi ya ziada.

Mama mkwe hajui kusoma gari, lakini anajua kukodolea kitu macho. Tangu siku ya kwanza alichagua kishale kimoja kwenye ile saa ya dashibodi, kile cha joto la maji, akawa anakiangalia safari nzima kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Tulipoanza kona za Lukumburu alisema, "Kamshale kanapanda."

"Mlima huu, Mama. Kila kitu kinapanda."

Kona nyingine. "Kamepita katikati. Hakajawahi kupita katikati."

"Mama, gari lina mpira mpya, rejeta safi, limetoka sevisi juzi tu."

Mama mkwe aliinua fimbo akapiga dashibodi kwa nguvu ambayo sikuijua anayo. "Simamisha! Mimi ndiye niliyekuzaa."

Alisimamisha. Tukafungua boneti, mvuke ukatufunika. Mpira mpya wa rejeta, ule wa juu, ulikuwa umechomoka na kupasuka mdomoni, pale klipu ilipoukata. Mpira wenyewe ulikuwa laini kama ndala. Injini ilikuwa imezimwa kabla kishale hakijagusa alama nyekundu, na hilo ndilo lililoiokoa silinda hedi. Tulisubiri ipoe, Baba watoto akitaka kufungua kifuniko cha rejeta na mimi nikimshika mkono wa suti. Kisha Mama mkwe akaagiza kiroba chake. Mpira wa zamani, wa Kijapani, mgumu, mweusi, mwenye miaka yake yote, ulitoka kwenye kiroba pamoja na manyoya ya kuku, ukafungwa kwa klipu yake ya zamani kwa koleo la dereva mmoja wa lori la makaa ya mawe. Maji tulichota kwenye mfereji kwa sufuria la maandazi. Tulifika Njombe bwana harusi akikata keki. Nduguye bibi akatupokea mlangoni, "Kamwene," akamwangalia Baba watoto kuanzia viatu hadi tai, akamtafutia kitenge.

Njia nzima ya kurudi Baba watoto aliimba. Alikuwa na ushahidi. Kitu kizima kimeguswa, kimeharibika. Kitu kizee kimeachwa, kimetuokoa.

Na siwezi kumnyima hoja hiyo, maana hata wakubwa wameikuta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Uingereza zilizokuwa zikisaka nyambizi za Wajerumani baharini zilikaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Mwanabiolojia mmoja, C. H. Waddington, na wenzake walipochora takwimu za hitilafu, waliona zinapanda mara tu baada ya ukaguzi, kisha zinapungua taratibu hadi ukaguzi unaofuata, ndipo zinapanda tena. Ukaguzi wenyewe ulikuwa unaleta ugonjwa. Mwaka 1978 Nowlan na Heap, wahandisi wa shirika la ndege la United la Marekani, waliandika ripoti kubwa iliyosema kwamba kwenye ndege walizozichunguza ni takriban asilimia 11 tu ya vipuri vilivyoonyesha kuchakaa kwa umri kwa namna ambayo kuweka ukomo wa muda kungesaidia. Vingine vyote kalenda haikuwa na la kuviambia. Shemeji nilipomsomea hayo alisema hao hawajawahi kupanda Lukumburu na mbao.

Lakini asilimia 11 si sifuri, na mpira wenye meno unaozunguka ndani ya kava upo humo ndani. Ndiyo maana sikumwacha Baba watoto aimbe muda mrefu. Nilisubiri Julai. Kila Julai, kabla moto wa kiangazi haujaanza kutembea milimani, huwa analipa vijana wafyeke njia ya moto kuzunguka kipande cha miti ambacho hakukiuza, mita kadhaa za ardhi tupu pande zote. Jioni alipokuwa anawahesabia hela barazani, nikaketi karibu.

"Baba watoto, moto umeshaingia mwaka huu?"

"Bado."

"Mwaka jana uliingia?"

"Haukuingia."

"Basi kitu kinafanya kazi. Unafyeka nini?"

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema moto hausubiriwi, kwa sababu ukifika miti yote inakwenda kwa saa moja, na haupigi hodi.

"Na kwa nini usifyeke msitu mzima uwe na uhakika?"

"Sasa nitabaki na nini?"

Hapo Shemeji naye alikuwepo, anakunywa chai, na nilihakikisha amesikia swali la pili kama kaka yake alivyosikia la kwanza. Sikuongeza neno. Nilikwenda kukopa kikobani, ambako mimi ni mweka hazina na hakuna aliyeniuliza gari ni la nani.

Kupata mkanda ilikuwa kesi nyingine. Kijana wa spea wa Gerezani, Kariakoo, tuliyeelekezwa kwake kwa simu, alianza kwa kunipa bei ya "used kutoka Japani, original kabisa". Nikamuuliza mkanda wa taiming wa mtumba unautambuaje umebakiza maisha kiasi gani. Akasema, "Mama, ukiutazama tu unajua." Nikamwambia anitumie mpya, na tensheni yake, na puli zake, na wota pampu, kwa sababu kwenye injini hii wota pampu huzungushwa na mkanda huohuo, na ukiifungua leo ukaiacha pampu ya zamani, itakufa baada ya masika na utafungua tena. Na thamostati. Aliponyamaza nikadhani simu imekatika. Kumbe alikuwa anaandika. Kifurushi kilikuja kwa basi la usiku, na nilikipokea barabarani na giza, nimejifunga shuka.

Fundi wetu wa hapa Madaba ni kijana mtaratibu, asiyefanya kazi akiwa na njaa wala akiwa na haraka. Sikumpeleka gari, nilimleta nyumbani, chini ya mparachichi, niweze kuona. Alifungua upande mmoja wa injini kwa subira, na kila boliti aliyoitoa aliipokea Mama mkwe, aliyeketi kwenye kigoda na mabakuli yake ya bati, akazipanga kwa ukubwa na kwa mpangilio wa kutoka. Alama za taiming kwenye puli zilikuwa zimefutika kwa oili kavu. Fundi akaomba rangi nyeupe. Binti yangu alileta rangi yake ya kucha, ya waridi. Fundi akaweka nukta, moja kwenye kila puli na moja kwenye chuma kinachoielekea, kwa ule mswaki mdogo, mkono hautetemeki, watoto wamemzunguka kimya kuliko walivyokaa kanisani. Mkanda mpya ulipoingia alizungusha injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, akasikiliza kama kuna kitu kinakwama, akarudi kuangalia nukta za waridi kama bado zinatazamana. Zilitazamana.

Wakati wa kufunga, boliti moja ilibaki kwenye bakuli.

"Hii itakuwa ya ziada," fundi akasema.

"Wajapani hawatengenezi za ziada," Mama mkwe akajibu, akaweka mguu juu ya sanduku la spana. Ilichukua nusu saa na tochi. Ilikuwa ya bano la chini la kava, mahali ambapo hata fundi alibaki anashukuru. Waingereza na ndege zao wangemwajiri yule mama.

Gari liliwaka kwa jaribio la kwanza. Kishale kikapanda hadi chini kidogo ya katikati, kikakaa. Hata ulaji wa petroli ukaanza kupungua.

Na vingine? Bushi mpya za Shemeji zinaanza kulia tena. Nimeziacha zilie, zitasema zenyewe siku zao. Boljointi nazo hulia kabla, lakini zile sizisubiri, kwa sababu zikichomoka gurudumu linakwenda lake na ninyi mnakwenda lenu. Rafiki yangu askari wa barabarani aliwahi kuniambia kwamba wao hukagua tairi, taa, wipa na stika. Ndivyo vinavyoonekana, nikamwelewa.

Ukabaki mkanda wa zamani. Fundi aliuosha kwa petroli akaukabidhi kwangu, kwa kuwa hela ilikuwa ya kikoba changu. Meno yote yalikuwapo. Mgongo ulikuwa unang'aa kama kitu kilichopigwa pasi, na ukiukunja kinyume ilionekana mistari midogo ya ufa, mingi, myembamba kama nywele. Upande mmoja ulikuwa na doa la oili kutoka kwenye sili iliyoanza kuvuja.

"Unaona?" nikasema. "Umepasuka."

"Unaona?" akasema Baba watoto. "Haukukatika. Ungefika laki moja na tisini na nane bila shida. Umetupa hela."

Na hapo ndipo ushindi wangu ulipoishia, kwa sababu kinga ikifanya kazi haiachi maiti ya kumwonyesha mtu. Niliupigilia msumari ukutani sebuleni, pembeni ya kalenda ya parokia, na tangu siku hiyo kila mgeni hupewa chai, kisha hupewa mkanda aukunje atoe hukumu. Katekista alisema una miaka miwili. Afisa ugani alisema una mwezi. Shemeji alisema ungekatika kesho yake, na kwamba bado tunahitaji kubadilisha rejeta. Mnunuzi wa mbao aliyekuja kuulizia kipande cha miti kilichobaki aliukunja akanyamaza, akasema wa kwake ulifanana na huu, ulikatika njiani, injini ikanoki palepale. Baba watoto akamuuliza ulikuwa na kilomita ngapi. Akasema hakumbuki, siku ile alikuwa anaulizia zaidi bei ya injini. Baba watoto akauchukua mkanda, akaurudisha kwenye msumari na kutangaza kwamba ushahidi haujakamilika.

"Mkimaliza hiyo kesi yenu," Mama mkwe akasema, "mnipe huo mpira nifungie mlango wa mbuzi."

Hatukumaliza. Alhamisi kamba ilikatika, na kufikia saa mbili asubuhi mbuzi wote saba walikuwa kwenye kabichi za jirani. Jirani anataka shilingi laki moja na themanini. Baba watoto anasema kamba ile bado ilikuwa na maisha.